Wazee wa Wenela na Vumbi la Dhahabu

Tunapoadhimisha Uhuru wetu hapa Johannesburg, ni vema watoto wetu wajue kwamba sisi si Watanzania wa kwanza kuishi mji huu. Walitutangulia wazee wa Wenela.

Dhahabu ya Witwatersrand iligunduliwa mwaka 1886. Mwanzoni mwamba ulitobolewa kwa nyundo na tindo. Kisha zikaja mashine zinazoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Kazi ikaenda kasi, na vumbi likazidi. Mwamba wa hapa umejaa silika. Mashine iliusaga ukawa unga laini usioonekana kwa macho, ukaingia mapafuni na kuacha makovu. Ndiyo silikosisi. Haina tiba, nayo humfungulia mlango kifua kikuu.

Wazungu walioendesha mashine hizo walipokufa kwa wingi, iliundwa tume mwaka 1902, na sheria ya fidia ikafuata mwaka 1911. Maji yakatumika kutuliza vumbi. Lakini fidia ya Mwafrika ilibaki ndogo kuliko ya mzungu.

Mwaka 1913 ilipigwa marufuku kuajiri watu wa kaskazini ya nyuzi 22, kwa kuwa walikufa mno kwa nimonia. Marufuku ilipoondolewa miaka ya 1930, Wenela, shirika la wenye migodi la kuandikisha vibarua, lilifika hadi Tanganyika. Vijana wa Rungwe na kwingineko kusini wakaja kwa mkataba, wakalala kampaundi, wakajifunza Kifanakalo. Tulipopata uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere ilikomesha uandikishaji huo.

Mwaka 2019 mahakama ya hapa Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia ya randi bilioni 5 kwa wagonjwa wa migodi ya dhahabu iliyotajwa, na warithi wao. Lakini hesabu inaanzia 12 Machi 1965. Wazee wetu wengi walikwisha kurudi nyumbani. Uhuru uliwatoa mgodini. Vumbi walirudi nalo kifuani.

Sisi wauguzi tunajua silikosisi huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Basi ulizeni nyumbani: babu alifanya kazi mgodi gani, mpaka mwaka gani? Kama ni baada ya tarehe hiyo, fuatilieni, kudai hakulipiwi. Na ndugu zetu wanaotoboa mwamba leo Geita na Mererani tuwaambie: maji kwanza, mashine baadaye.