Ukaguzi wa Uvujaji katika Bani la Tumbaku

Ukaguzi wa uvujaji katika bani la tumbaku, yaani jengo la kukaushia majani, hufanywa kabla ya msimu wa kukausha, ili kujua moshi na hewa ya moto hupenya wapi. Unahusu tumbaku ya mvuke, ambayo hulimwa Tabora na pia katika nyanda za juu za Kigoma, zikiwemo Kasulu na Kibondo. Kinyume na tumbaku ya moshi ya Ruvuma, jani la mvuke halitakiwi kuguswa na moshi kabisa. Kuni huwashwa kwenye tanuri, moshi ukapita ndani ya mabomba ya bati au ya matofali sakafuni, kisha ukatokea kwenye dohani. Joto hupandishwa polepole kwa takriban wiki moja, kutoka nyuzi 35 hivi za Selisiasi majani yanapogeuka manjano, hadi karibu 70 mshipa wa kati unapokauka.

Uvujaji ni wa aina mbili, na haulingani kwa madhara. Bomba likitoboka kwa kutu au kiungo kikiachana, moshi huingia ndani na kuharibu harufu ya jani. Cheche nazo zaweza kuteketeza bani zima. Nyufa za ukuta, mlango na paa hutoa joto nje, na hasara yake ni kuni.

Mabomba hukaguliwa bani likiwa tupu. Moto mdogo huwashwa na kutiwa majani mabichi ili utoe moshi mwingi, huku mdomo wa dohani ukizibwa kwa sehemu. Kuziba huku ndiko kiini cha kipimo: dohani likivuta vizuri, tundu hunyonya hewa badala ya kutoa moshi, na bomba bovu huonekana zima. Mkaguzi hutazama kutoka mlangoni, kwa kuwa moshi huo una kaboni monoksaidi inayoua.

Kwa ukuta na paa, mtu huingia mchana moto ukiwa umezimwa na moshi umetoka wote, mlango na matundu ya hewa yakafungwa. Kila mwanga unaopenya ni njia ya joto.

Nyufa za ukuta na za mabomba ya matofali huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Bati lililoliwa na kutu hubadilishwa. Kipimo hurudiwa baada ya kuziba. Kuni za mabani hutoka katika misitu ileile ya miombo inayotegemewa na vijiji. Kwa hiyo bani linalovuja halifai kupakiwa tumbaku kabla ya kuzibwa.