Nguzo Shambani: Sheria ya Ardhi na Umeme wa Jua Nchini Japani

Historia ya sera ya Japani kuhusu kulima na kufua umeme wa jua katika shamba moja huanzishwa kwa kawaida mwaka 2013, Wizara ya Kilimo, Misitu na Uvuvi ilipotoa waraka wa kwanza ulioruhusu paneli za sola kusimikwa juu ya mazao. Mizizi yake, hata hivyo, imo katika mageuzi ya ardhi yaliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa maana swali lililoisumbua dola hiyo tangu mwanzo lilikuwa la kisheria kuliko la kiufundi: je, ardhi iliyochimbiwa nguzo na kubebeshwa mtambo wa umeme inaendelea kuhesabiwa kuwa shamba? Bila kufahamu kwa nini Wajapani walilichukulia swali hilo kwa uzito mkubwa kiasi hicho, masharti waliyoyaweka baadaye huonekana kuwa urasimu mtupu, nayo hayakuwa hivyo.

Kabla ya vita, karibu nusu ya mashamba ya nchi hiyo yalilimwa na wapangaji, yaani wakulima wasio na ardhi waliolima mashamba ya makabaila na kulipa kodi ya mpunga ambayo mara nyingi ilifikia nusu ya mavuno. Katika mageuzi ya mwaka 1946 hadi 1950, yaliyosimamiwa wakati nchi ikiwa chini ya majeshi ya Washirika, serikali iliwalazimisha wenye ardhi wasioishi vijijini kuuza mashamba yao yote yaliyopangishwa, na wale walioishi vijijini kuuza sehemu yote ya ardhi iliyopangishwa iliyozidi takribani hekta moja, isipokuwa katika kisiwa cha Hokkaido ambako kiwango kilikuwa hekta nne. Ardhi hiyo iliuzwa kwa wapangaji wenyewe kwa bei ambayo mfumuko wa bei uliifanya kuwa ndogo mno, na katika miaka michache tu sehemu ya mashamba yaliyokuwa mikononi mwa wapangaji ikashuka hadi takribani asilimia 10. Ni vigumu kutaja badiliko jingine la amani lililogeuza maisha ya vijiji vya Japani kwa kasi ya namna hiyo.

Sheria ya Ardhi ya Kilimo ya mwaka 1952 ilitungwa ili kulinda matokeo hayo, ikiweka msingi kwamba shamba ni la anayelilima na kwamba mtu hawezi kulinunua, kulikodi wala kuligeuza kuwa kiwanja bila kibali. Usimamizi wake wa kila siku ulikabidhiwa kamati za kilimo, ambazo ni vyombo vya ngazi ya mji au kijiji vyenye wajumbe ambao wengi wao ni wakulima wa hapohapo, wanaolijua kila shamba na historia ya kila familia. Mwaka 1969 iliongezwa sheria nyingine iliyoyatenga maeneo ya kuendelezwa kwa kilimo, na ndani ya maeneo hayo mashamba bora yalifungiwa mlango wa matumizi mengine karibu kabisa. Ulinzi huo haukuzuia ardhi ya kilimo kupungua, kwani kutoka zaidi ya hekta milioni 6 mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilishuka hadi takribani milioni 4.3 katika miaka ya 2020, lakini uliacha katika utawala wa nchi imani thabiti kwamba shamba likishapotea halirudi, na kwamba kila anayetaka kulitumia kwa jambo jingine ana wajibu wa kujieleza kwanza.

Wazo la kupanda mazao chini ya paneli lilikuwa limekwisha kuandikwa Ujerumani, ambako Adolf Goetzberger, mwanzilishi wa taasisi ya utafiti wa nishati ya jua mjini Freiburg, pamoja na Armin Zastrow, walipendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba paneli zikiinuliwa takribani mita mbili na kuachiwa nafasi kati ya mistari, mwanga unaofika ardhini unaweza kutosha kwa viazi na mazao mengine. Japani ilipata njia yake kupitia mhandisi mstaafu Akira Nagashima, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alibuni mfumo alioupa jina la kugawana jua na kuuacha utumiwe na yeyote bila malipo. Hoja yake ilisimama juu ya kile ambacho wanasayansi wa mimea hukiita kikomo cha mwanga, yaani kiwango ambacho mmea ukikifikia hauongezi tena kasi ya kutengeneza chakula chake hata jua likizidi kuwaka. Mazao mengi, mpunga ukiwemo, hufikia kikomo hicho kabla ya jua la mchana wa kiangazi kufikia ukali wake wote, na jua linalobaki huupa mmea joto na kiu. Wachaga wa Kilimanjaro, waliopanda mibuni chini ya migomba katika vihamba vyao kwa vizazi kadhaa, hawangeliona jambo hilo kuwa geni. Nagashima alishauri paneli nyembamba, zilizoinuliwa takribani mita tatu na kupangwa kwa nafasi kubwa, ili kivuli kisikae mahali pamoja bali kihame kadiri jua linavyosogea, na ili kisizidi takribani theluthi moja ya eneo la shamba. Majaribio yake katika mkoa wa Chiba, mashariki ya Tokyo, yalihusisha baadaye hata mahindi, zao ambalo linajulikana kwa kutopenda kivuli, na chini ya paneli zilizopangwa kwa nafasi kubwa mavuno yalizidi kidogo yale ya shamba lililo wazi.

Hayo yote yangeweza kubaki kuwa jaribio la mstaafu mmoja, lau si tetemeko la ardhi na tsunami vya tarehe 11 Machi 2011, vilivyoharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima na kuilazimisha nchi kutafuta umeme mahali pengine kwa haraka. Mwezi Agosti mwaka huohuo bunge lilipitisha sheria ya bei maalumu, ambayo ni utaratibu unaoyalazimisha mashirika ya umeme kununua nishati jadidifu kwa bei iliyopangwa na serikali kwa muda uliopangwa. Ilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 2012, bei ya umeme wa jua kwa mitambo ya kilowati 10 na kuendelea ilikuwa yen 40 kwa kila uniti, kabla ya kodi, kwa miaka 20. Ilikuwa bei nono, na wawekezaji wakaanza kusaka ardhi tambarare yenye jua, jambo ambalo katika nchi iliyojaa milima lina maana moja tu: mashamba. Vijijini, wakati huo, mamia ya maelfu ya hekta zilikuwa zimeachwa bila kulimwa, kwa kuwa wakulima walikuwa wamezeeka, wastani wa umri wao ukiwa zaidi ya miaka 65, na watoto wao walikuwa wamehamia mijini.

Wizara ilijikuta kati ya shinikizo la nishati na sheria ya mwaka 1952. Jibu lake, lililotolewa katika waraka wa tarehe 31 Machi 2013, lilikuwa la kisheria na la werevu mkubwa. Badala ya kuruhusu shamba zima kubadilishwa matumizi, au kukataza kabisa, waraka ulitamka kwamba kinachobadilishwa ni kile kipande kidogo cha udongo kilichokaliwa na kila nguzo, tena kwa muda tu, huku ardhi iliyobaki chini ya paneli ikiendelea kuwa shamba kwa kila hali. Kwa kuwa ubadilishaji ulikuwa wa muda, hata mashamba bora ambayo sheria iliyafunga yangeweza kuingizwa katika mpango. Masharti yakafuata: nguzo ziwe rahisi kung'olewa, nafasi iliyo chini ya paneli iziruhusu trekta na mashine nyingine kupita, mwanga uwe wa kutosha, mavuno yasipungue kwa zaidi ya asilimia 20 yakilinganishwa na wastani wa mashamba ya eneo hilo, na ripoti ya mavuno iwasilishwe kila mwaka. Kibali kilidumu miaka mitatu, na ikigundulika kwamba kilimo kimekoma, mwenye mtambo alipaswa kuuondoa.

Sharti la mavuno ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndilo lililougeuza mtambo wa umeme kuwa mtumishi wa zao, angalau kwenye karatasi. Serikali ingeweza kupima umbali kati ya paneli au urefu wa nguzo, vitu ambavyo mkaguzi huvipima kwa siku moja na kuondoka. Japani ilipima gunia. Kipimo hicho kilikuwa cha haki kwa mkulima mzoefu wa mpunga, ambaye wastani wa eneo lake ulijulikana tangu zamani, lakini kilimbana isivyostahili mtu aliyefufua shamba lililoota vichaka kwa miaka 10, kwani udongo wa namna hiyo hauwezi kushindana na wa jirani katika misimu ya kwanza, ziwepo paneli au zisiwepo. Kasoro ya pili ilikuwa ya muda. Mkataba wa kuuza umeme ulikuwa wa miaka 20, ilhali kibali cha ardhi kilikuwa cha miaka mitatu, na benki zilisita kukopesha fedha kwa mradi ambao msingi wake wa kisheria ungepaswa kuombwa upya mara sita au zaidi kabla ya deni na mkataba kufika mwisho.

Miradi iliyofanikiwa katika miaka hiyo ilitokana zaidi na ukaidi wa wenyeji kuliko wepesi wa sera. Katika mji wa Sosa, mkoani Chiba, kikundi cha wananchi kilianza na mitambo midogo iliyogharamiwa na watu wa kawaida, na mwaka 2017 kikazindua mtambo wa megawati moja juu ya ardhi ambayo sehemu kubwa ilikuwa imeachwa baada ya kilimo cha tumbaku kudorora. Chini yake zilipandwa soya na ngano bila kemikali, na sehemu ya mapato ya umeme ikatumika kuwalipa wanaolima. Katika mpango huo mtu anayeshika jembe ana hakika ya kipato hata msimu ukiwa mbaya, jambo ambalo bei ya soya peke yake isingeweza kumhakikishia.

Serikali ilisikia. Mwezi Mei 2018 muda wa kibali uliongezwa hadi miaka 10 kwa wakulima waliotambuliwa rasmi kuwa tegemeo la kilimo cha eneo lao, kwa mashamba yaliyoharibika kwa kutolimwa, na kwa ardhi ya madaraja ya chini. Mwaka 2021 sharti la asilimia 80 ya mavuno liliondolewa kwa mashamba yaliyofufuliwa, mradi tu yatumiwe ipasavyo. Wakati huohuo bei ya umeme ilikuwa imeporomoka, kutoka yen 40 ya mwaka 2012 hadi yen 18 mwaka 2018, kiasi kwamba mtambo uliopata masharti mepesi ulikuwa na faida ndogo kuliko ule uliotangulia kubanwa. Vibali viliendelea kuongezeka hata hivyo, na kufikia mwaka 2022 vilikuwa vimepita 4,000.

Ongezeko hilo lilifichua udhaifu ambao waraka wa mwaka 2013 haukuuona mapema. Sehemu kubwa ya mashamba chini ya paneli ilipandwa sakaki, mti wa majani mabichi ya kudumu unaotolewa kama sadaka katika mahekalu ya Kishinto, au mioga, jamii ya tangawizi inayoliwa maua yake. Mimea hiyo inapenda kivuli, na wapo wanaoilima kwa bidii na kuiuza vizuri. Lakini sakaki huchukua miaka kadhaa kabla ya kuvunwa, na katika miaka hiyo mkaguzi hana gunia la kupima. Mwekezaji aliyetaka umeme peke yake alipanda miche, akaiacha magugu yaimeze, akaendelea kupokea fedha za umeme kila mwezi. Kamati za kilimo, zenye watumishi wachache na wajumbe wazee, ndizo zilizoachiwa kazi ya kumkabili mwekezaji mwenye mawakili mjini Tokyo. Hapo kivuli cha kabaila wa zamani kilirejea kijijini kwa sura nyingine, kwani mwenye nguzo na mwenye mapato alikuwa mtu asiyeishi kijijini, na anayelima, kama yupo, alikuwa ameajiriwa ili masharti ya kibali yatimie. Kuvumiliwa kwa hali hiyo kwa karibu miaka 10 ni doa katika sera iliyozaliwa kulinda ardhi ya mkulima.

Mabadiliko ya tarehe 1 Aprili 2024 yaliyahamisha masharti kutoka kwenye waraka na kuyaingiza katika kanuni rasmi za Sheria ya Ardhi ya Kilimo, hatua iliyoyapa nguvu ambayo waraka hauna. Mwombaji sasa hutakiwa kuthibitisha mapema, kwa takwimu za eneo hilo au kwa maoni ya wataalamu, kwamba zao alilochagua litastawi chini ya kivuli. Katika mwaka huohuo sheria ya bei maalumu ilikuwa imekwisha kurekebishwa ili malipo ya umeme yaweze kusitishwa kwa muda pale mtambo unapovunja sheria nyingine za ardhi, na mwezi Agosti wizara inayosimamia nishati ilisitisha malipo ya mitambo zaidi ya 300 ya aina hii. Kwa mara ya kwanza, aliyeacha shamba limee magugu aliguswa mahali anapoumia, kwenye mapato yenyewe, na kamati ya kijiji ikapata nyuma yake mkono wenye nguvu kuliko barua ya onyo.

Mikataba ya kwanza ya miaka 20 itaanza kwisha mwaka 2032. Tangu Julai 2022 wenye mitambo ya kilowati 10 na kuendelea iliyo chini ya bei maalumu wanalazimika kuweka akiba ya gharama za kuibomoa, inayokatwa katika malipo yao ya umeme kwa miaka 10 ya mwisho wa mkataba, na wale wa mwaka 2012 ndio walioanza kukatwa. Kila kibali cha nguzo shambani kilitolewa kwa ahadi kwamba nguzo hiyo ni ya muda, na kamati za kilimo, zitakazopokea maombi ya kuongeza muda kutoka kwa wenye mitambo ambayo bado inafanya kazi na kutoka kwa wakulima ambao wengi watakuwa wamepita miaka 80, ndizo zitakazoamua ni zipi zing'olewe.