Upangaji wa Safu Unaolinda Aina

Mwezi Juni na Julai, jalidi huunguza viazi katika nyanda za juu za Njombe. Tuseme mwanafunzi wa huko ameandika programu ya C ya kupanga vipimo vya halijoto ya usiku, kuanzia cha chini kabisa. Vipimo ni namba za desimali, aina ya float. Anatumia qsort, fanksheni ya maktaba ya C, lakini mlinganishi aliyempachika, yaani fanksheni inayolinganisha vipengele viwili, aliandikwa kwa ajili ya namba kamili, int.

Kompaila haisemi kitu, na matokeo ni sahihi. 0.8, 4.0 na 9.5 zinajipanga vizuri, kwa sababu biti za float chanya, kwa kiwango cha IEEE 754, zina mfuatano uleule hata zikisomwa kama int. Kosa linaweza kujificha miezi mingi. Jalidi ikishuka, hasi zinapinduka: −0.5 inatangulia, −1.5 inafuata, −3.0 inakuwa ya tatu. Usiku wa baridi kali kuliko wote hauonekani tena mwanzoni, na anayesoma orodha ile anadanganywa.

Chanzo ni kwamba qsort hupokea anwani ya safu, idadi ya vipengele, ukubwa wa kila kipengele kwa baiti, na mlinganishi. Aina yenyewe haipokei. Dawa ni kuandika fanksheni inayopokea safu ya float tu, mlinganishi wake akiwa ndani. Ukiipa safu ya int, kompaila inalalamika. GCC 14, iliyotoka mwaka 2024, inakataa kabisa.

Mbinu hii tuiiteje kwa Kiswahili? “Safu” haina ubishi. Njombe wanaijua kwa safu ya milima ya Kipengere. “Uchambuzi” haufai: sokoni Makambako, kuchambua maharage ni kuondoa mabovu, na hapa hakuna kinachoondolewa. Ni upangaji. Wapo watakaopenda “upangaji salama”, lakini “salama” humpeleka msomaji kwenye wezi wa nywila. Kinacholindwa hapa ni aina, basi tuseme hivyo: upangaji wa safu unaolinda aina.

Walimu wa kompyuta, itumieni istilahi hii darasani, na zijaribuni programu za wanafunzi wenu kwa namba hasi kabla ya kuzipa alama.