Mikono Juu ya Fuvu la Mtoto

Osteopathia ya fuvu, tiba ya kugusa kichwa cha mtoto mchanga kwa vidole vyepesi ambayo wazazi wengi wa Ulaya na Marekani huilipia hadi leo, ilianzia kwenye mifupa ya mtu mzima aliyekwisha kufa. Mwaka 1899, William Garner Sutherland, mwanafunzi wa chuo cha osteopathia, yaani tiba ya kunyoosha mifupa na viungo kwa mikono, huko Kirksville, jimbo la Missouri, alitazama fuvu lililoachanishwa mfupa mmoja mmoja. Akaona kingo za mifupa ya panja zimekatwa mshazari, zikamkumbusha mashavu ambayo samaki hupumulia, naye akahitimisha kwamba fuvu nalo lina namna yake ya kupumua. Kwa miaka mingi alijifanyia majaribio mwenyewe, akikibana kichwa chake kwa mikanda, na mwaka 1939 akachapisha kitabu kidogo, The Cranial Bowl. Alidai kwamba mifupa ya fuvu husogea kwa mdundo pamoja na ubongo na maji yanayouzunguka, na kwamba mdundo huo ukikwama mtu huugua. Umbo la mfupa lilimpa swali zuri. Jibu akaliamini kabla halijapimwa, na kasoro hiyo imeiandama tiba hii tangu siku hizo.

Tiba hiyo iliwafikia watoto kwa njia mbili. Ya kwanza ni utosi. Kila aliyelea anajua pale penye ulaini juu ya kichwa cha mwanawe, panapopiga pole pole chini ya kidole. Mifupa ya fuvu la mtoto kweli haijashikana: hupandana wakati wa kuzaliwa, kisha hurudi mahali pake, na utosi wa mbele kwa kawaida huziba mtoto akikaribia mwaka mmoja na nusu. Njia ya pili ni msiba. Andrew Taylor Still, mwasisi wa osteopathia yenyewe, alizika watoto watatu mwaka 1864 kwa homa ya uti wa mgongo, udaktari wa zama zake ukishindwa kuwaokoa. Viola Frymann, daktari wa osteopathia Mwingereza aliyehamia California, naye alifiwa na mtoto wake wa kwanza. Huzuni hiyo iliwasukuma kutafuta tiba nyingine, na moyo wao siutilii shaka hata kidogo. Lakini mwaka 1966 Frymann alipochapisha uchunguzi wake wa watoto wachanga 1,250, akiripoti hitilafu za fuvu kwa walio wengi, ilipaswa kuulizwa: jambo linaloonekana kwa watoto karibu wote ni ugonjwa, au ni alama ya kawaida ya kuzaliwa?

Vipimo vilivyofuata havikuisaidia nadharia. Mwaka 1998 watafiti waliwaweka wachunguzi wawili kwa mtu mmoja, huyu kichwani na yule miguuni, wahesabu mdundo kwa wakati mmoja. Hesabu zao hazikupatana. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti wa Uingereza kwa watoto 142 wenye mtindio wa ubongo: uwezo wao wa kutumia viungo haukuongezeka kwa tiba hii. Hata hivyo wazazi wa waliotibiwa, ambao walijua kwamba watoto wao wametibiwa, walisema kwa wingi kuliko wenzao kwamba hali imekuwa nzuri zaidi. Kwangu hilo ndilo lenye uzito kuliko yote, maana linaeleza kwa nini tiba imedumu. Watetezi husema mama ameona kwa macho yake mtoto wa chango akinyamaza. Ameona kweli. Ila chango kwa kawaida hupoa lenyewe kati ya mwezi wa tatu na wa nne, na mtoto aliyeshikwa kwa utulivu, mbele ya mama aliyesikilizwa bila haraka, hutulia hata kama mfupa wake haukusogea.

Wengine husema kwamba hata isipoponya, haidhuru. Mguso wenyewe ni mwepesi, nakubali. Ufaransa, hata hivyo, tangu mwaka 2007 inataka cheti cha daktari kabla mtaalamu asiye daktari hajagusa fuvu la mtoto wa chini ya miezi sita, na nadhani imefanya vyema, kwa sababu hatari iko katika muda unaopotea. Mishono ya fuvu ikijifunga mapema huhitaji daktari wa upasuaji. Utosi uliobonyea kwa mtoto anayeharisha ni dalili ya kupungukiwa maji, na uliovimba kwa mtoto mwenye homa waweza kuwa dalili ya ugonjwa uleule uliowaua watoto wa Still. Ukiuona utosi wa namna hiyo, mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo.