Miaka 70 ya Vyama vya Wafanyakazi, Kutoka Relini Dodoma

Historia ya vyama vya wafanyakazi nchini huanziwa gatini Dar es Salaam. Sisi wa Dodoma tuna sababu ya kuianzia relini. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyowaleta Ugogo mafundi, makarani wa stesheni na makuli wa kulipwa kwa mwezi, katika nchi ambayo riziki ilitegemea ng'ombe, uwele na mvua isiyotabirika.

Mgomo wa makuli wa bandari ulipozuka Septemba 1947, ulipanda na reli hiyo hadi bara. Ulifika Kongwa, ambako Waingereza walikuwa ndiyo kwanza wanafyeka pori kwa mradi wao wa karanga. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Fedha za mradi zilipandisha bei za vyakula kuliko ujira wa vibarua, na vibarua wakaweka majembe chini. Walikuwa hawana chama wala kadi. Mradi wenyewe ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36.

Shirikisho la kwanza la vyama vya wafanyakazi, TFL, liliundwa Oktoba 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu. Kwa watu wa reli chama chao kilikuwa TRAU, chini ya Kasanga Tumbo, na mwaka 1960 kiliendesha mgomo wa karibu miezi mitatu. Walidai mishahara, walidai pia Waafrika wapewe vyeo vilivyoshikwa na wageni. Mgomo wa namna hiyo haubebwi na viongozi peke yao. Familia ya mgomaji lazima ile, na duka la mtaani lazima likubali kukopesha.

Uhuru ulileta kima cha chini cha mshahara na malipo ya kuachishwa kazi. Ulileta pia sheria za mwaka 1962 zilizobana haki ya kugoma. Baada ya maasi ya wanajeshi Januari 1964, viongozi wengi wa vyama waliwekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote. Katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Naamini hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika historia hii: mfanyakazi alipokwenda kudai, aliyempokea pande zote mbili za meza alikuwa mtu yule yule. Asiyefuatilia sheria anaweza kuifuata safari hii kwa muziki, kwani bendi iliyoanza kama NUTA Jazz ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, kila chama kilipobadili jina. Vyama vilirudi kusimama kimoja kimoja kuanzia miaka ya 1990, na shirikisho lao jipya, TUCTA, likazaliwa mwaka 2001.

Wakati huo Dodoma ilikuwa ikibadilika. TANU iliamua mwaka 1973 kuwa makao makuu ya serikali yahamie huku, na uamuzi huo ukapewa msukumo mpya mwaka 2016. Walimu, wauguzi na maofisa wa wizara wakaongezeka, na mji ukazidi kuendeshwa na mshahara. Mwisho wa mwezi unaonekana katika soko la Majengo. Unaonekana pia Chamwino na Mpwapwa, kwa simu zinazotuma fedha za mbegu na ada. Katika mwaka wa ukame, fedha hizo ndizo zinazonunua mahindi ya soko la Kibaigwa. Kwa hiyo asilimia inayopatikana kwenye majadiliano ya mshahara ni suala la maendeleo ya kanda nzima.

Mei Mosi ya mwaka 2022 iliadhimishwa kitaifa Dodoma, uwanja wa Jamhuri, na siku chache baadaye kima cha chini cha watumishi wa umma kikapandishwa kwa asilimia 23.3. Mwaka 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima hicho kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000.

Lakini hicho ni kima cha watumishi wa umma. Wachuma zabibu wa Hombolo na vibarua wanaopanda majukwaa ya ujenzi Mtumba hawakuguswa na matangazo hayo. Wengi wao hulipwa kwa siku, bila mkataba, kama wale wa Kongwa. Vyama vya TPAWU, cha mashambani, na TAMICO, cha ujenzi, vina haki kisheria ya kuwaandikisha, na kazi hiyo bado ni kubwa.