Ukurasa wa Msahafu na Kioo cha Simu

Wako wanaodhani kuwa ukubwa wa ukurasa ni shauri la mpiga chapa peke yake. Sivyo. Waandishi wa zamani waliupima ukurasa kwa jicho la msomaji. Amajur, liwali wa Sham katika zama za Bani Abbasi, aliweka wakfu msahafu katika mji wa Sur, mwaka 262 Hijria. Kila ukurasa ulikuwa na mistari mitatu tu ya herufi kubwa za Kikufi. Ngozi nyingi ilitumika, lakini msomaji hakubanwa.

Katika zama zetu, msahafu ulioandikwa na khatati Uthman Taha wa Syria, na kuchapishwa na kiwanda cha Mfalme Fahd kilichofunguliwa Madina mwaka 1984, una kurasa 604. Ukurasa wake wa kawaida una mistari 15, na kila ukurasa humalizikia mwisho wa aya. Mwenye kuhifadhi huijua aya kwa mahali ilipokaa. Ndiyo maana programu nyingi za simu huuonyesha ukurasa huo vile vile ulivyo. Nao, kwa kuwa mistari yake ni michache, huenea vizuri kwenye kioo.

Ama vitabu vyetu vingine, hapo ndipo penye taabu. Mwaka 1993 kampuni ya Adobe ilitoa PDF, faili linaloufunga ukurasa usibadilike popote utakapofunguliwa. Kwa karatasi ni neema. Lakini karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, na kioo cha simu ni kama milimita 70. Kila herufi hubaki thuluthi yake. Basi mzee aliyeletewa darsa au dua kwa simu hukuza maandishi kwa vidole, akavuta kulia, akarudi kushoto, hata mstari ukampotea. Na katika dua zenye irabu khatari ni kubwa zaidi: fatha na kasra ni kistari kile kile, tofauti ni juu na chini. Mistari ikisongamana, kasra ya mstari wa juu hudhaniwa fatha ya mstari wa chini, na maana ikageuka.

Dawa si ngumu kwa aliyehifadhi maandishi ya asili. Programu ya TeX, aliyoitoa Donald Knuth mwaka 1978, huikata mistari upya ukiibadilisha vipimo vya ukurasa. Kadhalika faili la EPUB, lililotoka 2007, huyaacha maneno yajipange kwa kadiri ya kioo. Mpangaji apunguze pambizo, aache safu moja, aya ikae juu na tafsiri chini yake, na nafasi kati ya mistari ya Kiarabu iwe pana. Kisha, kabla ya kuituma kazi yake, aifungue kwenye simu ndogo kuliko zote nyumbani mwake, na ampe mama yake aisome.