Lugha ya Chombo na Lugha ya Hati: Mfano wa Mkokotoni

Katika kuchambua historia ya unyonyaji Visiwani, tumezoea kuhesabu mashamba, mikarafuu na madeni. Ni sawa. Lakini madeni yaliandikwa kwa maneno, na maneno hayo yalikuwa na wenyewe. Kila kundi lina msamiati wake, na si kila msamiati umeundwa kwa ajili ya kazi.

Tuichukue Mkokotoni, bandari ya kaskazini ya Unguja inayotazamana na Tumbatu. Wavuvi na mabaharia wa pwani hiyo wana lugha inayompita mtu wa shamba. Foromali ni mti unaobeba tanga. Demani ni kamba ya kulizuia. Bamvua ni siku za maji makubwa. Maji mafu ni siku ambazo bahari haijai sana wala haitoki sana. Maneno haya hayamfichi mtu jambo. Nahodha akiamuru demani ilegezwe, upepo umeshafika na hana nafasi ya kueleza. Mtoto aliyeanza kwa kufua maji kwa upo huyajua baada ya misimu michache, na anayekosea husahihishwa na chombo chenyewe, mbele ya wenzake wote.

Nyuma ya bandari, kwenye nchi ya mashamba, kulikuwa na lugha nyingine. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1897 utumwa ulifutwa kisheria, na wenye mashamba wakazidi kutegemea mikopo ili kuwalipa wachumaji. Riba ni haramu katika Uislamu. Basi mkopo ukaandikwa kama mauzo, ukaitwa bei khiyari. Mkopaji “aliuza” shamba kwa fedha aliyopewa, akabaki na khiyari ya kulikomboa kabla ya muda kwisha, huku akilipa “kodi” ya kukaa katika shamba lililokuwa lake jana. Kodi hiyo ndiyo riba, imevishwa kanzu. Muda ukipita, kwa mujibu wa hati hakuna aliyenyang’anywa kitu: shamba lilikwisha kuuzwa zamani!

Ieleweke kwamba walionaswa hawakuwa wakulima wadogo peke yao. Makabaila wengi wa Kiarabu walidaiwa na wafanyabiashara wa Kihindi, nao wakauteremsha mzigo kwa kibarua aliyelipwa kwa pishi. Anayeyaeleza haya kwa kabila tu hajaisoma hati. Serikali ya kikoloni ilipotoa amri za mwaka 1934 kuzuia ardhi isihamie kwa wakopeshaji, ilikuwa ikilinda tabaka la wenye mashamba, na amri zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mchumaji hakuwa nayo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilifanywa mali ya umma, na kuanzia mwaka 1965 wakulima waligawiwa eka tatu tatu. Bei khiyari ikapoteza msingi wake.

Tabia ya kujificha nyuma ya maneno haikuondoka pamoja nayo. Sisi makada nasi tuna lugha ya kundi: tabaka, itikadi, nyenzo za uzalishaji mali. Hatusemi iachwe, maana nadharia haiendi bila istilahi. (Wapo wanaoipenda zaidi isipoeleweka.) Mvuvi wa Mkokotoni akiuliza nyenzo za uzalishaji mali ni kitu gani, kada amwonyeshe ngalawa, dema na jarife vilivyo mbele yao, kisha wajadiliane ni vya nani, na samaki hununuliwa na nani kwa bei iliyopangwa na nani.